Karatasi ya Kanda

Marehemu mjomba alituachia kanda arobaini na tatu ndani ya boksi la sabuni, nyumbani Tanga. Kila kanda ilikuwa na karatasi yake ndani ya kasha, na kila karatasi ilijaa mwandiko wake wa kalamu ya buluu: upande A, upande B, jina la wimbo, jina la bendi, na pembeni, kwa herufi ndogo, mahali alikoupata. Redio, Jumapili usiku. Santuri ya jirani. Harusi ya Pangani. Nilizipeleka kwa fundi mmoja anayehamishia kanda kwenye flashi. Sauti ikatoka safi, kanda zikarudi zote, lakini karatasi hazikurudi. Zilitolewa ili kazi iende haraka, zikawekwa sakafuni, jioni zikafagiliwa pamoja na taka. Zilisalimika sita, zile zilizokuwa zimegandamana na plastiki ya kasha.

Nilipochomeka flashi kwenye kompyuta nilikuta nyimbo mia tano na ushei, zote zikiitwa Track, kisha namba. Msanii hajulikani. Albamu haijulikani. Palipotakiwa kuwa na jalada paliwekwa kisanduku cha kijivu chenye alama ya noti ya muziki.

Huu ni mwaka wa tatu ninayarudisha majina hayo, wimbo mmoja baada ya mwingine, na nataka kuisifu kazi hii kwa sababu sijamwona anayeisifu. Wengi huiona ni ya mtu aliyekosa shughuli. Wimbo si unasikika hata bila jina? Unasikika, ndiyo. Lakini redio ya gari inaponiandikia "msanii hajulikani", na sauti inayoimba ni ya Mbaraka Mwinshehe, naona amedhulumiwa. Mbaraka anajulikana. Morogoro inamjua. Osaka, Japani, walimsikia kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Mombasa, alikofia katika ajali ya gari Januari 1979, bado wapo wanaomlilia. Asiyemjua ni faili peke yake.

Na faili halimjui mtu mpaka liambiwe. Ndani ya faili la MP3, mbali na sauti, kuna sehemu ndogo ya maandishi inayoitwa tagi. Aliyeianzisha ni Eric Kemp, mwaka 1996, na tagi yake ya kwanza ilikuwa finyu mno: baiti 128 tu, zimebandikwa mkiani mwa faili. Tatu za kutangaza kwamba hapa pana tagi, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, 30 za maoni, na moja iliyobaki ni ya aina ya muziki. Andika humo "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band" uone. Nafasi 30 zinakwisha pale pale baada ya neno Morogoro. Bendi nzima inakatwa, anabaki mtu na mji wake. Majina yaliyokatwa namna hiyo nimekutana nayo mara nyingi katika mafaili ya zamani niliyopewa na marafiki, na kila mara huyakamilisha kwa mkono, maana tagi iliyokuja mwaka 1998 haina ufinyu huo. Inakaa mwanzoni mwa faili, inapokea jina refu upendavyo, na inabeba hata picha.

Ile baiti moja ya aina ya muziki ndiyo iliyoniweka macho usiku. Ilikuwa namba, na kila namba ilisimamia aina moja katika orodha ya aina 80. Polka imo. Taarabu haimo. Dansi yetu, ile ya gitaa tatu, tumba na matarumbeta, haimo. Nikakumbuka kwamba wanamuziki wetu walikuwa na mgawanyo wao, tena mwembamba zaidi ya huo, nao ni mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Morogoro Jazz na Sululu, Afro 70 na Afrosa. Wengine mtindo uliwashika mpaka ukawa ndilo jina: Mlimani Park ukiwataja kwa jina hilo mtaani utasahihishwa, ni Sikinde. Basi kwenye nafasi ya aina ya tagi ile mpya naandika Dansi, na kwenye nafasi ya maoni naandika mtindo. Anayetafuta Saboso kwenye simu yangu anaipata, na inakuja yote kwa pamoja.

Majina ya bendi yana ugumu wake. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika na kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Baadaye ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Programu ya muziki inaona bendi nne. Njia ya mkato ni kuandika Msondo kila mahali, na nimeona watu wakifanya hivyo. Mimi nakataa. Waliorekodi kwa jina la NUTA walirekodi wakiwa NUTA, na wimbo ubaki na jina la siku yake. Nashukuru kwamba tagi ina nafasi nyingine isiyoonekana, ya jina la kupangia. Humo ndimo ninapoandika neno moja kwa bendi zote nne, zikakaa rafu moja, kila moja na jina lake.

Mambo mengine ni madogo, ila yakikosewa yanaudhi. Namba za nyimbo ziandikwe 01, 02, 03, la sivyo katika mashine nyingi wimbo wa kumi unauwahi wa pili. Mkusanyiko wa bendi mbalimbali ujazwe nafasi ya msanii wa albamu, usije ukasambaratika vipande ishirini.

Nije kwenye majalada. Neno albamu lenyewe limetoka enzi za santuri za mizunguko 78, ambapo santuri kadhaa ziliwekwa katika kitabu chenye mifuko, mfano wa albamu ya picha. Vitabu hivyo vilikuwa vikavu, havina pambo la maana, hadi kijana mchoraji wa kampuni ya Columbia huko Marekani, Alex Steinweiss, alipoanza kuvichora mwaka 1940. Tangu hapo dunia imezoea kwamba muziki una sura. Lakini sehemu kubwa ya muziki wa kanda za mjomba haikuwahi kuwa na jalada. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za zama zake zilikaa kwenye mfuko wa karatasi wa kampuni, sawa na za msanii mwingine yeyote. Bendi za dansi zilitoa santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja umegawanywa pande mbili, nazo zikavaa mfuko wenye tundu katikati. Nyimbo nyingine hazikufika hata kwenye santuri. Zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarushwa hewani, zikanaswa na watu kama mjomba, kidole kikiwa juu ya kitufe tangu mtangazaji anaanza kusema.

Programu zinazojaza majalada zenyewe hazilielewi hilo. Mwanzoni niliiruhusu moja ishughulikie mkusanyiko wote kwa usiku mmoja. Asubuhi nilikuta wimbo wa taarabu wa Unguja umevishwa sura ya mwimbaji wa Ulaya, kwa kuwa majina ya nyimbo yalifanana kidogo. Bendi iliyokuwa haipo tena kabla sijazaliwa ilipewa picha ya machweo na mnazi. Kazi ya usiku mmoja ilinichukua wiki mbili kuifuta. Afadhali kile kisanduku cha kijivu. Mtu akikiona anajua bado kuna kazi.

Sasa nafuata utaratibu wangu. Wimbo uliotoka kwenye santuri, jalada lake ni lebo ya katikati ya santuri hiyo, yenye jina la kampuni, namba na mtunzi, maana hiyo ndiyo sura pekee aliyoiona mnunuzi wa siku ile. Naipiga picha karibu na dirisha, asubuhi, bila mwanga wa kamera, kwa sababu santuri inang'aa na maandishi yanapotea. Naikata mraba, hata upande wa nukta 1000 unatosha. Wimbo ulionaswa redioni naupa picha ya kanda yenyewe. Na zile kanda sita ambazo karatasi zake zilipona, jalada lake ni karatasi ya mjomba. Nikipiga wimbo wa humo, simu inawaka na mwandiko wake.

Ya kujua wimbo ni upi ndiyo kazi yenyewe. Kuna programu inayoitwa Picard, ya mradi wa MusicBrainz unaojengwa na watu wa kujitolea duniani kote, inayochukua alama ya sauti na kuilinganisha na zilizohifadhiwa. Kwa rumba ya Franco au Tabu Ley mara nyingi inajibu papo hapo. Kwa kanda za mjomba mara nyingi iko kimya, ama kwa kuwa hakuna aliyeuingiza wimbo huo, ama kwa kuwa mpira wa mashine iliyonakili ulilegea, sauti ikashuka, alama ikabadilika. Hapo linabaki sikio.

Uzuri ni kwamba dansi inajitaja. Subiri ala zichanganye: mwimbaji ataita jina la mpiga gitaa, mwingine ataitikia kwa jina la mtindo au la mji. Wimbo ukikatika ghafla palipochangamka, shuku kwamba huo ni upande wa kwanza wa santuri ya 45, utafute wa pili kwenye kanda nyingine. Kuna wimbo nimeurudia mara thelathini kwa ajili ya neno moja linalosemwa nyuma ya saksafoni. Na sikio likishindwa, nina mzee mmoja Magomeni, aliyekuwa mpiga tumba enzi zake. Nampigia, namwamkia shikamoo, naiweka simu mbele ya spika. Hamsikilizi mwimbaji hata kidogo. "Besi hilo nalijua, mwanangu," ananiambia, kisha ananitajia aliyelipiga, na kwamba walirekodi kabla ya vita vya Kagera. Basi nimepata mpaka: si baada ya 1978. Naandika hivyo hivyo kwenye maoni, pamoja na kwamba chanzo ni simulizi.

Mwaka unahitaji uangalifu huo. Mikusanyiko mingi ya nyimbo za zamani imepewa mwaka wa kutolewa upya, hivyo Mbaraka anaonekana akirekodi miaka mingi baada ya kuzikwa, tena na Morogoro Jazz aliyoiacha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Nafasi ya mtunzi nayo ina moto wake. Malaika unamweka nani? Fadhili William aliurekodi na kuutangaza, Adam Salim naye alidai kuutunga, na ubishi huo umeandikwa sana Kenya na Tanzania. Mimi nimeandika jina lililochapishwa kwenye toleo nililo nalo, na kwenye maoni nimeeleza kwamba utunzi unagombaniwa. Sina haki ya kumaliza kesi ya watu kwa kubonyeza kitufe.

Zimebaki nyimbo mia moja na kumi na tisa. Nyingi nimeshazisikiliza mpaka nazijua kwa moyo, na bado nafasi ya msanii iko wazi, kwa sababu kukisia kwangu kesho kutanakiliwa na mwingine, na keshokutwa kutakuwa habari ya kweli mtandaoni. Nilizozithibitisha nimeziingiza MusicBrainz, ili mwenye kanda kama zile, akiwa Muscat au Mombasa, apate jibu pale nilipopata kimya.

Nawe, kama nyumbani kuna boksi la kanda na unakusudia kuzipeleka kwa fundi, toa kwanza karatasi zote. Zipige picha pande zote mbili, uzihifadhi mwenyewe. Na kama aliyeziandika bado yupo hai, kaa naye kabla ya yote, muulize yule wa upande B, wimbo wa tatu, ni nani.