Ustadi wa Kusema Hakuna

Mgonjwa akipona, shukrani zake huenda kwa Mungu, kisha kwa daktari, kisha kwa dawa. Wote wanastahili. Lakini kati ya homa na dawa yupo mtu mwingine ambaye mgonjwa humwona kwa dakika chache tu. Amemtoboa kidole, au amempa kikopo na kumweleza namna ya kukohoa, au amemsimamisha mbele ya mashine na kumwambia avute pumzi aizuie. Mgonjwa hurudi kwenye benchi kusubiri majibu, na mtu yule hubaki ndani na kazi yake. Nataka kuisifu kazi hiyo, hasa sehemu yake iliyo ngumu na isiyopata sifa: kusema kwa uhakika kwamba ugonjwa unaodhaniwa haupo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walimlenga mgonjwa anayeona haya kusema. Yapo pia maradhi ambayo hayakufichwa na mtu yeyote, bali yamejificha nyuma ya jina la maradhi mengine. Katika nchi zetu jina hilo kwa miaka mingi lilikuwa malaria. Mtoto akichemka ni malaria. Mzee akiumwa kichwa na viungo ni malaria. Mama akitapika ni malaria. Mwaka 2004 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwa wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao ziliposomwa kwa makini, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea. Waliobaki hawakuwa wakijisingizia. Walikuwa wagonjwa hasa, na kwa uwiano walikufa wengi zaidi kuliko wenye malaria ya kweli. Si wote waliopewa dawa za kuua bakteria; jina la ugonjwa likishatajwa, ni rahisi kuacha kutafuta jingine.

Ndiyo maana naamini neno "hakuna" likiandikwa na mtu aliyetazama kweli huokoa maisha sawasawa na neno "ipo". Ila "hakuna" ina gharama. Anayetafuta kimelea akikiona, kazi imekwisha kwa jicho moja. Asipokiona, lazima aendelee kutafuta mpaka awe na haki ya kusema hakipo.

Tazama inavyokuwa kwa malaria. Mnamo Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alikuwa Constantine nchini Algeria akichungulia damu mbichi ya askari mmoja mgonjwa. Aliviona viumbe vidogo vikitikisa vijimkia, akatambua kwamba ndivyo vinavyoleta homa. Hakuwa na rangi ya kumsaidia. Rangi tunayoitegemea hadi leo ilitangazwa mwaka 1904 na Gustav Giemsa, mkemia Mjerumani ambaye katika miaka ya 1890 alifanya kazi ya ufamasia huku kwetu, wakati wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rangi ya Giemsa hukipa kiini cha kimelea wekundu wa zambarau na mwili wake buluu, na kwa tofauti hiyo jicho hupata pa kushika.

Zahanati yoyote yenye hadubini hufanya hivi. Damu ya kidoleni huwekwa kwenye slaidi mara mbili. Tone nene halitiwi methanoli, ili chembe nyekundu zipasuke ndani ya maji ya rangi na kuacha vimelea na chembe nyeupe peke yake. Hapo damu nyingi husomwa kwa muda mfupi. Tone la pili hutandazwa jembamba na kukazwa kwa methanoli, ili chembe zibaki nzima na msomaji aone kimelea kimekaa vipi ndani yake, na ni cha aina gani. Damu ikiwa nene kupita kiasi hubanduka wakati wa kuoshwa. Maji ya kuchanganyia rangi yasipokuwa na kipimo sahihi cha pH, rangi hupotoka na kiini hakionekani vizuri. Chembechembe za rangi isiyochujwa huigiza vimelea, na vigandisha damu navyo huigiza. Mtu asiyezoea huona malaria katika uchafu wa slaidi.

Kisha hufuata kusoma. Slaidi huwekwa tone la mafuta, lenzi ya mara mia ikashushwa, na msomaji husogeza eneo moja baada ya jingine; wenyewe huliita fildi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka asome angalau fildi 100 za tone nene kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Fildi 100 za kitu kisichokuwepo! Foleni iko nje, muuguzi amekwisha kubisha hodi kuulizia majibu, umeme unacheza, shingo inauma. Hakuna atakayejua akiishia fildi ya 20. Hapo ndipo ustadi unapogeuka kuwa uadilifu, kwa sababu msimamizi pekee aliyepo ni dhamiri ya mwenye jicho.

Mitaani tumezoea kusikia mtu akisema amekutwa na "malaria nne" au "wadudu watatu", kana kwamba wadudu walihesabiwa kidoleni. Chanzo cha maneno hayo ni alama za kujumlisha ambazo maabara iliandika. Alama moja ina maana ya vimelea 1 hadi 10 katika fildi 100 nzima. Alama nne ni zaidi ya 10 katika kila fildi moja. Maabara zinazotaka usahihi zaidi huhesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe 200, halafu hukadiria idadi katika kila mikrolita ya damu. Mwenye "moja" anaweza kuwa mahututi na mwenye "tatu" akaja kwa miguu yake, maana umri na kinga ya mwili navyo vina sauti. Namba hiyo ni ya kumwongoza daktari, si ya kumtisha mgonjwa.

Kifua kikuu kina ustadi wake, na huo huanzia nje ya maabara. Makohozi si mate. Mtaalamu asiyetumia dakika mbili kumweleza mgonjwa avute pumzi ndefu, akohoe kutoka chini kabisa ya kifua, na afanye hivyo mahali penye hewa, ataletewa mate, atasoma mate, na jibu lake litakuwa "hakuna" ya uongo. Robert Koch alipotangaza jijini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amempata bakteria wa ugonjwa huu, alithibitisha pia kwamba kiumbe huyu hashiki rangi kirahisi. Mbinu ya Ziehl na Neelsen ilitumia ukaidi huohuo. Makohozi yaliyokaushwa hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto hadi mvuke utoke, kisha huoshwa kwa asidi. Bakteria wengine huachia rangi. Huyu, mwenye ukuta wa nta, haiachii. Baada ya kutiwa buluu ya methilini, vijiti vyekundu hujitokeza juu ya uwanja wa buluu.

Hapa Tanzania ina jambo la kujivunia. Kuanzia mwaka 1977, mpango wa taifa wa kifua kikuu ulijengwa kwa ushauri wa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye aliwahi kuugua ugonjwa huohuo alipokuwa mfungwa katika kambi ya Wanazi. Nguzo zake zilikuwa nyepesi kutaja: kupima makohozi kwa hadubini, kumeza dawa chini ya uangalizi, na kuandika daftarini kila mgonjwa na mwisho wake. Mfumo uliokomaa katika wilaya zetu ndio Shirika la Afya Duniani lililouchukua na kuueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Msingi wake ulikuwa watu wa wilayani waliokaa mbele ya hadubini na kusoma slaidi kwa uaminifu.

Chumba cha eksirei nacho kina elimu yake. Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo huko Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na tangu siku zile picha imebaki kuwa kivuli: hewa huwa nyeusi, mfupa huwa mweupe, maji na nyama hukaa katikati. Kivuli hudanganya kikipigwa vibaya. Kwa hiyo mpigaji humsimamisha mgonjwa, kifua kikiwa kimegusa ubao, na kumsogeza mabega mbele ili mifupa ya mabegani isifunike mapafu. Akisema "vuta pumzi, zuia", anataka mapafu yajae, kwa sababu pafu lisilojaa huonekana limeugua hata kama ni zima, na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Msomaji mwangalifu hukagua kwanza ubora wa picha, akahesabu mbavu kujua pumzi ilivutwa kiasi gani, ndipo atafute ugonjwa. Na akiona doa kwenye ncha ya pafu, hajui bado kama ni kifua kikuu cha leo au kovu la zamani. Picha humwambia pa kutilia shaka, nayo makohozi humpa jina la adui.

Wapo wanaosema ustadi huu umepitwa na wakati. Leo mhudumu wa zahanati anatumia kipimo cha haraka cha malaria, tone moja la damu na kusubiri kwa dakika 15 au 20. Nimefurahi sana kwa kipimo hicho. Kimefika vijiji ambavyo hadubini haikufika. Lakini aina iliyoenea hutambua protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Hakihesabu vimelea, na hakimwambii daktari kama dawa inafanya kazi tangu jana. Swali la namna hiyo bado hupelekwa kwa mwenye hadubini. Na hata mashine iwe mpya kiasi gani, humtegemea binadamu aliyeandika jina sahihi kwenye sampuli, na aliyekataa kutoa majibu pale kipimo kilipoharibika.

Sifa bila matunzo haimsaidii mtu. Wenye mamlaka, nunueni rangi na mafuta ya lenzi kabla hayajaisha, na wekeni mtu wa pili wa kuzisoma upya baadhi ya slaidi bila kujua jibu la kwanza, kwa kuwa jicho lisilokaguliwa hulegea. Madaktari, mkiletewa majibu msiyoyatarajia, msiyaweke kando mkaandika dawa mliyokwisha kuiamua. Mkiyatilia shaka, ombeni yarudiwe. Na wewe msomaji, siku utakapoambiwa hakuna malaria na mwili bado unawaka, usikasirike, wala usipitie duka la dawa kununua dawa mseto kwa kukisia. Rudi kwa daktari umuulize: kama si malaria, ni nini? Kuuliza si ujinga. Pima kwanza, liamini jibu lililotafutwa kwa uaminifu, na usikubali uchunguzi uishie kwenye "hakuna".