Sport: moto nzuri wakati imesimama

Wandugu, wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliniita nimsindikize kuangalia moto hapa Butembo, fasi sisi wa Kirumba tuko kwa sasa. Alimaliza lisansi mwaka jana, akaweka pesa kidogo kidogo kwa kufundisha watoto na kuuza maharagwe. Alikuwa na dola 950. Moto yenye alitaka haikuwa Boxer wala TVS ya kila mtu. Ilikuwa sport, okazyo, nyekundu, gido chini, kiti cha nyuma kimeinuka kama mkia wa jogoo.

"Yaya, ona tu."

Nikaona. Ni nzuri, sitadanganya. Imesimama lakini unasema iko mbioni.

Hapo njo shida. Umbo lote la sport linasema neno moja: mbio. Gido imeshushwa na vikanyagio vimerudishwa nyuma ili mpandaji ainame, upepo umpite juu. Amortisere ni ngumu na fupi, mipira haina meno, tumbo liko karibu na ardhi. Kila kitu kiko na sababu yake, na mwenye kuichora alijua kazi. Lakini aliichorea lami. Sasa uilete kwenye RN2 yetu, kati ya Lubero na Kirumba, mwezi wa kumi na moja, wakati malori yamechimba mifereji na udongo unateleza kama sabuni. Ukiinama vile, uzito wako uko kwenye viganja. Gurudumu la mbele likiteleza, mikono imekwisha kuchoka, huna namna ya kulirudisha. Tumbo linagonga jiwe, plastiki ya ubavuni inapasuka, na kesho uko kwa fundi anakushonea na waya.

Na injini? Boxer ya 150 iko na nguvu za farasi kama 12 tu, lakini inazitoa mapema, hata ukibeba gunia la viazi na mama mwenye kuku wake. Sport kubwa za Wajapani, kama Yamaha R6, zinapita farasi 100, na nguvu hizo ziko juu kabisa, injini ikizunguka zaidi ya mara 10.000 kwa dakika. Chini inalala, halafu inaamka ghafla. Hata kule Ulaya kwenye lami yao, kijana wa miaka 20 hapewi permi ya mashine kama hiyo moja kwa moja. Anaanzia A2, mwisho kilowati 35, aizoee kwanza miaka miwili. Ya mdogo wangu ilikuwa ndogo, 200, nguvu zake hazikunitisha. Nilitishwa na mwili wake.

Muuzaji alikuwa ameiwasha mbele ya sisi kufika. Nikaomba tungoje ipoe, juu injini baridi njo inasema ukweli. Akasema hana muda. Vishiko vya freni vilikuwa vipya kabisa, na ncha za gido zimekwaruzwa pande zote mbili. Maana yake ilianguka kushoto, ikaanguka na kuume. Mafuta yalikuwa yanatoka kwenye miguu ya mbele. Kwenye shasi, namba mbili za mwisho zilikuwa zimeparuliwa, hazisomeki, na kati rozi aliiacha nyumbani. Moto ya motari imechoka kwa kazi, na uchovu wa kazi unapimika. Sport ya okazyo mara nyingi imechoka kwa kuanguka, juu yule wa kwanza naye alikuwa anajifunza.

Nikamweleza yote. Akanijibu: "Yaya, nikinunua Boxer watasema nilisoma ili niwe motari."

Neno hilo liliniuma, juu na mimi nimeendesha motari na lisansi yangu kwenye sanduku. Sisi wasomi tunachagua moto kwa macho ya watu wa barabarani, halafu tunaipanda kwa mgongo wetu wenyewe. Nikamkumbusha mwisho wa Juni 2024, M23 ilipoingia Kirumba. Sisi tulitoka na Boxer ya jirani: mimi mbele, mama katikati, watoto wawili wa dada, na bidoni ya maji. Kiti chake kirefu, kile tunachokicheka, njo kilitutosha wote.

Hakujibu. Akazunguka ile sport mara moja, akapanda nyuma, kwenye kile kiti cha mkia, miguu imekunjwa hadi karibu na kifua. Akatafuta fasi ya kushika, hakuipata.

"Sasa mama atashika wapi?"

Muuzaji akacheka. Sisi tulishuka kwa miguu hadi sokoni bila kusema kitu. Jumamosi tunaenda kuona TVS moja ya okazyo, rangi yake imepauka vibaya sana. Tumemwambia mwenyewe asiiwashe mbele ya sisi kufika.