Jeraha Lisiloelezwa: Nadharia ya Kifo cha Squall na Mipaka ya Kujaza Mapengo ya Msuko

Katika Final Fantasy VIII, mchezo wa video wa kuigiza wahusika uliotolewa na kampuni ya Square nchini Japani mwaka 1999, diski ya kwanza kati ya nne inamalizika kwa mchawi Edea kumchoma mhusika mkuu, Squall, kwa mkuki wa barafu. Katika diski ya pili Squall anazinduka gerezani, analitafuta jeraha lake, wala halioni. Simulizi haitoi maelezo. Kutokana na pengo hilo mashabiki wameunda nadharia kwamba Squall alikufa palepale, na kwamba yote yafuatayo ni ndoto ya mtu anayekata roho.

Nadharia hii haistahili kubezwa. Inakusanya chini ya sababu moja mambo yaliyowatatiza wachezaji: chuo cha kijeshi kinachoruka, safari ya anga za juu, na ufunuo kwamba wenzake wengi walilelewa naye katika kituo kimoja cha yatima, kisha wakasahau. Hata sura ya Rinoa inayovurugika katika kumbukumbu za Squall mwishoni inapata maana. Kwa mtazamo wa Wolfgang Iser, kujaza mapengo ni kazi halali ya msomaji.

Hata hivyo, kwa Iser ujazaji huo huongozwa na matini, na hapo ndipo nadharia inapokwama. Kwanza, usahaulifu wa wahusika umeelezwa na matini yenyewe: Guardian Forces hudhoofisha kumbukumbu za wanaozitumia, na anayekumbuka ni Irvine, ambaye hakuwa amezitumia hadi alipojiunga na wenzake. Pengo lililokwisha kuzibwa haliwezi kuwa ushahidi wa ndoto. Pili, baada ya tukio la mkuki mchezaji anamwongoza Zell gerezani, kisha Selphie na kundi lake katika kituo cha makombora, Squall akiwa hayupo. Watetezi hujibu kwamba mwotaji anaweza kuota hata yale asiyoyashuhudia. Jibu hilo linaiokoa nadharia kwa gharama kubwa: hakuna tena tukio lolote linaloweza kuipinga, na dai lisiloweza kupingwa haliifasiri matini bali huifunika.

Mwaka 2017 Yoshinori Kitase, mwelekezi wa mchezo huo, alikana kwamba Squall alikufa, ingawa aliliona wazo lenyewe kuwa la kuvutia. Kauli hiyo haimalizi mjadala, kwa kuwa tamko la mtunzi nje ya matini halizibi pengo aliloliacha ndani yake. Kama nadharia itakataliwa, ikataliwe kwa ushahidi wa matini.

Kinachopotea si kidogo. Squall wa diski ya kwanza ni kijana asiyetaka kumtegemea yeyote. Diski tatu zinazofuata zinamfundisha, polepole na kwa maumivu, kuwategemea wengine. Yakiwa ndoto, mabadiliko hayo hayakuwahi kutokea: kijana mpweke amekufa mpweke. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watunzi hawakuuziba ufa huu. Mashabiki, kwa nia ya kuuziba, wameibomoa nyumba. Uhakiki una njia ya tatu: kukiri kwamba jeraha halikuelezwa, kulihesabu kuwa dosari ya usimulizi, na kuendelea kuisoma kazi kama ilivyo.