Weusi Usio na Unene

Skrubu ya randa ya zamani ikisafishwa hadi ing'ae, huonekana ngeni kwenye kifaa chake. Mbao imekolea kwa miaka ya kushikwa, shaba imefifia, halafu katikati ya vyote kuna kichwa kimoja cha chuma kinachometameta. Rangi ya kopo haifai hapa: hujaza meno ya skrubu, na bisibisi ikiugusa mfuo tu, hubanduka. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya kukitia chuma weusi kwa dawa baridi, kwa kuwa weusi huo hauna unene wa kuhesabika. Skrubu iliyoingia tundu lake asubuhi huingia na jioni.

Dawa yenyewe kwa kawaida ni asidi yenye seleniamu, pamoja na chumvi ya shaba. Inapogusa chuma, huyeyusha kiasi kidogo sana cha uso wake, na mahali hapo shaba na seleniamu huungana zikawa utando mweusi. Mafundi wa bunduki huitumia kugusia sehemu zilizochubuka. Bunduki nzima wao huichemsha katika soda kali na chumvi za nitreti, kwenye nyuzi joto zipatazo 140, hadi uso wa chuma chenyewe ugeuke oksidi nyeusi. Sufuria ya namna hiyo si ya kuwekwa uani penye watoto.

Ninachokistahi zaidi katika kazi hii hufanyika kabla chupa haijafunguliwa. Utando mwembamba hivyo haufichi kitu, kila mkwaruzo utaonekana. Kwa hiyo fundi hupiga msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, akifuata mwelekeo mmoja. Halafu anaondoa mafuta kwa asetoni, na tangu hapo haigusi skrubu kwa kidole kitupu. Kipimo chake ni maji: yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la magimbi, mafuta bado yapo, na anarudia. Yakitandaa bila kukatika, chuma kiko tayari. Nimeona watu hodari wakiruka hatua hii, kisha wakailaumu dawa kwa mabaka.

Kupaka ni kwa kipande cha pamba, juu ya chuma kilichopashwa kidogo kwenye maji ya moto. Kijivu huja mara moja. Mwenye pupa huiacha dawa ikae ili weusi ukolee, akaishia kupata masizi yanayotoka kwa kitambaa. Mvumilivu husuuza mapema, husugua taratibu kwa nyuzi za chuma laini kuliko stilwaya ya jikoni, kisha hupaka tena, na tena. Mwishoni hutia mafuta ya mashine. Hapo kile kijivu kilichofifia huzama kikawa cheusi hasa.

Seleniamu ni sumu, basi glavu na madirisha wazi si mapambo, na mabaki ya dawa hayamwagwi mtaroni. Chuma cha pua kisichoshika kutu huikataa dawa hii kabisa. Na wauzaji wanaoisifu kwamba huzuia kutu wanatia chumvi: kinachozuia kutu ni yale mafuta, na weusi huchakaa panapoguswa kila siku. Kwa skrubu ya randa inayokaa sandukuni, yatosha. Bawaba ya lango linalonyeshewa, ipake rangi.