Kuikagua Kadi Iliyochapwa Sebuleni

Mtu anayezijua kadi za mwaliko haangalii maua kwanza. Huisoma kadi mara moja tu akiwa ameinyoosha mkononi, akaiteremsha, kisha akajiuliza: nani anaalika, kwa shughuli gani, siku gani, saa ngapi, ukumbi upi? Jibu lililomponyoka ndilo linaloonyesha kadi ilipopungua. Word, Publisher na Canva zimemwezesha yeyote mwenye kompyuta na printa kutengeneza mwenyewe kadi za sendofu, kipaimara au maulidi, tena mapambo yake hayagharimu zaidi ya kubofya. Kwa hiyo mapambo hayampimi tena fundi. Kinachompima ni kusomeka kwa kazi yake.

Aina ya herufi hufichua mengi. Edwardian Script, iliyobuniwa na Ed Benguiat mwaka 1994, hupendeza sana kwenye majina ya maharusi, lakini hugeuka fumbo pale fundi anapoandika jina zima kwa herufi kubwa, kwa sababu mikia ya herufi hizo haikuundwa kukaa bega kwa bega. Kadi nzuri hutosheka na aina mbili: moja ya madaha kwa majina, nyingine ya wazi kama Garamond kwa tarehe, saa na mahali. Maandishi madogo kabisa yasishuke chini ya pointi 10, maana mjomba mwenye miwani naye amealikwa.

Makosa makubwa zaidi, hata hivyo, hukaa kwenye saa. Violezo vingi vya kompyuta huja kwa Kiingereza, na saa ya sherehe imeandikwa 6:00 PM. Mtengenezaji hubadilisha maneno, namba akaiacha, na kadi ikatoka na “saa 6:00 jioni”, saa isiyokuwepo kwa Kiswahili: saa 6 ni mchana au usiku, na jioni hiyo ni saa 12. Mgeni mwangalifu atapiga simu kuuliza. Mwingine atafika wakati wake mwenyewe. Kadi ya lugha mbili ihesabu saa kwa desturi ya kila lugha, na mtu wa pili azilinganishe. Siku nayo ihakikiwe kwenye kalenda: 12 Desemba 2026 ni Jumamosi, na kadi inayosema Ijumaa huwagawa wageni makundi mawili.

Kwa kadi za Tanzania kuna jambo la heshima lisilofaa kupuuzwa, nalo ni jina la mgeni pamoja na alama ya “Single” au “Double” inayoeleza anakaribishwa peke yake au na mwenzake. Fundi mzuri huyapanga majina kwenye jedwali la Excel, akaiachia Word iyapachike kadi moja baada ya nyingine, kila jina na cheo chake: Mzee, Mchungaji, Alhaji, Bwana na Bibi. Jina lililoandikwa kwa mkono mzuri na kalamu nzuri linapendeza pia, pengine zaidi. Linaloudhi ni jina lililobanwa juu ya mstari wa nukta kwa kalamu inayokatakata.

Kadi ya nikahi au maulidi hukaguliwa zaidi juu kabisa, palipo na Bismillahi. Programu isiyoelewa maandishi ya Kiarabu huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia, na msomaji wa Kiarabu huliona kosa hilo kabla ya jingine lolote. Njia salama ni kuweka picha safi ya hati iliyoandikwa na khatati, yaani bingwa wa hati za Kiarabu.

Kisha kuna karatasi. Karatasi ya kawaida ya kopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba, nayo hulegea mkononi. Kadi huanza kupendeza kwenye gramu 200 na zaidi, mradi kijitabu cha maelekezo ya printa kinaruhusu. Kabla ya kukunja, ipindwe taratibu pande zote mbili: upande usio na ukaidi ndio unaofuata nyuzi za karatasi, na mkunjo wa hapo hautapasuka mgongoni. Mstari wa mkunjo huchorwa kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino. A4 moja ikikatwa katikati hutoa vipande viwili vya A5, na kila kimoja kikikunjwa huwa kadi ya A6 inayoingia sawasawa kwenye bahasha ya C6.

Ili picha ya kujaza kadi hiyo ichapike kwa ukali, inahitaji nukta 1240 kwa 1748. Iliyopitia WhatsApp mara kadhaa mara nyingi huwa imechujuka. Rangi ya dhahabu iepukwe, kwani printa ya nyumbani haina wino wa metali, na kinachong’aa kwenye kioo hutoka kahawia ya kufifia. Bluu iliyokolea kwenye karatasi ya rangi ya maziwa ina hadhi zaidi.

Kadi zenye msimbo wa QR wa kukaguliwa mlangoni ziuchape mweusi juu ya mweupe, angalau sentimita 2 kila upande, na ukingo mtupu kuuzunguka. Ujaribiwe kwa simu mbili, moja ya bei nafuu, kwenye mwanga hafifu wa saa 2 usiku.