Mpira Kabla ya Mchezo

Sheria ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, inataka mpira uwe na upepo wa pauni 12.5 hadi 13.5 kwa kila inchi ya mraba. Wengi walizisikia namba hizo Januari 2015, timu ya New England Patriots ilipotuhumiwa kupunguza upepo kwenye mipira yake. Kelele zile zikaifunika kazi ninayoistahi kuliko zote katika mchezo huo, kazi ya watunza vifaa.

Mpira huzaliwa Ada, kijiji cha Ohio, katika kiwanda cha Wilson. Vipande vinne vya ngozi ya ng'ombe hushonwa huku upande wa nje ukiwa ndani. Ganda hupashwa mvuke mpaka lilegee, fundi akaligeuza kwa nguvu za mikono. Kibofu huingizwa, kisha kamba hufungwa kwa mkono, tundu kwa tundu.

Mpira mpya unang'aa na kuteleza, na mrushaji haupendi hata kidogo. Tangu 2006 kila timu hushambulia kwa mipira iliyoiandaa yenyewe, jambo lililopiganiwa na warushaji Peyton Manning na Tom Brady. Mipira ya mrushaji Eli Manning, enzi zake katika timu ya New York Giants, ilichukua miezi kuandaliwa. Ilisuguliwa kwa brashi kama dakika 45 hadi nta itoke na ngozi ikolee rangi. Ikaloweshwa kwa taulo. Ikasuguliwa tena ikiwa ingali mbichi, kisha ikapelekwa kwenye brashi ya umeme inayozunguka. Ikalazwa. Baadaye kazi yote ikaanza upya. Dakika 45 kwa mpira mmoja, na huo ni mwanzo tu!

Upepo nao una ukaidi wake. Mpira uliojazwa chumbani penye joto hupungukiwa na karibu pauni nzima halijoto ikishuka nyuzi 12 za Selsiasi, bila mtu kuugusa. Mtunza vifaa anayeijua kazi yake hulifikiria hilo kabla hajashika pampu.

Siku ya mechi, waamuzi huipima mipira kwa geji zaidi ya saa mbili kabla ya mchezo kuanza. Geji hupima upepo peke yake. Ngozi ilikwishapimwa mazoezini, mrushaji akiushika mpira mmoja baada ya mwingine, na aliokataa ulirudi kwenye brashi.