Roketi bila neno "roketi": katuni hii inafundisha au inaficha?

Ukitaka kujua kama mtu anaelewa somo lake, mnyang'anye maneno magumu uone atabaki na nini. Mwaka 2012 Randall Munroe alijinyang'anya mwenyewe. Mmarekani huyu alisoma fizikia, akafanya kazi za roboti NASA, na tangu 2005 anachora katuni za mtandaoni ziitwazo xkcd. Katuni namba 1133, "Up Goer Five", ni mchoro wa Saturn V, roketi ya mita 110 iliyowapeleka wanaanga mwezini. Kila sehemu ina maelezo yake, ila kwa sharti moja: yatumike maneno 1,000 tu, yale yanayotumika zaidi katika Kiingereza. "Roketi" halimo. Hata neno "elfu" lenyewe halimo, kwa hiyo jamaa husema "mia kumi".

Hebu itafute uitazame, ni bure. Watu wengi wameshaicheka. Hapa nataka tuikosoe kidogo, kwa sababu swali lake ni letu pia sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili: turahisishe mpaka wapi?

Tuanze na sifa, maana anazistahili. Hatua ya kwanza ya Saturn V ilibeba takriban lita 770,000 za kerosini iliyosafishwa sana. Munroe hana ruhusa ya kutumia neno hilo, basi anaieleza kuwa ni kile walichochoma watu kwenye taa kabla nyumba hazijapata umeme. Msomaji wa Kiingereza anacheka. Wewe je? Sisi hatuna cha kucheka, tumeiita hivyo siku zote: mafuta ya taa. Na kwetu zipo nyumba ambazo hiyo "kabla" haijaisha. Lakini ona faida yake. Ghafla roketi si muujiza tena. Ni mtambo unaochoma ndugu wa yale mafuta unayopimiwa dukani kwa chupa, ila kwa wingi na kasi ya kutisha. Hapo urahisi umefundisha.

Sasa panda juu kidogo. Hatua ya pili na ya tatu zilichoma hidrojeni kwa oksijeni, zote zikiwa zimepozwa mpaka zikawa kimiminika. Katika katuni, oksijeni ni hewa ya kupumua. Hidrojeni ni ile hewa iliyowahi kuunguza mfuko mkubwa wa angani watu wakafa. Anakusudia Hindenburg, mwaka 1937. Heli ni hewa ya kuchekesha sauti. Yanakumbukika, sikatai. Ila ukimaliza kucheka jiulize: hizo hewa mbili zikiungua pamoja, kinabaki nini? Jibu ni mvuke wa maji, na katuni haikupi njia ya kulifikia. Jina lingekupa. "Hidrojeni" kwa asili yake ya Kigiriki ni "kizaa maji". Jina la kitaalamu linafanya kazi kama anwani: bila hilo huwezi kukitafuta kitu, wala kujua jirani zake ni nani.

Kiswahili kinalijua tatizo hili. Tunasema "hewa ukaa", tunasema pia "kabonidioksidi". La kwanza linaingia masikioni vizuri. La pili linakupa hesabu: kaboni moja, oksijeni mbili. Ukimwachia mwanafunzi la kwanza tu, umempunja. Ukimpa la pili tu bila kumweleza, umemkaririsha.

Mwaka 2015 Munroe alitoa kitabu kizima kwa sharti lilelile, "Thing Explainer". Hapo kwa maoni yangu mchezo unachosha. Katika bango moja sharti ni utani. Katika kitabu kizima linageuka fumbo, na unatumia nguvu kubahatisha kitu kinachozungumziwa badala ya kukielewa. Mwaka 2016 mchapishaji wake, Houghton Mifflin Harcourt, alitangaza kuiingiza baadhi ya michoro hiyo katika vitabu vya sekondari vya Marekani. Naona huko ndiko kwao hasa: kando ya istilahi, si badala yake.

Kuna jambo la biashara pia. Bango lile ni refu kama roketi yenyewe. Gazeti linalompa mchoraji kisanduku kimoja lisingelipokea. Munroe hakuomba nafasi kwa mhariri: alitoa katuni bure, akaishi kwa kuuza fulana na mabango, vitabu vikafuata. Uhuru huo ndio ulioruhusu umbo hili. Huenda mhariri mkali angeliuliza swali langu la maji mapema zaidi, lakini bila uhuru huo tusingekuwa na cha kuuliza.

Na leseni ya xkcd ni ya Creative Commons: unaruhusiwa kunakili na kutafsiri, mradi umtaje mchoraji na usiuze. Kwa hiyo usiishie kusoma. Chukua "Up Goer Five", iandike kwa Kiswahili. Sharti la maneno 1,000 litakushinda mapema, kwani "tutakirusha" ni neno moja lenye nani, lini na nini ndani yake. Achana nalo. Weka sharti lako: kila kitu kitajwe kwa jina lake mara moja, kisha kielezwe kwa lugha ambayo bibi yako hatakuuliza mara mbili. Ukifika kwenye tangi la chini, utagundua kazi imeshafanyika zamani, na waliofanya ni wauza duka.